Damu Haina Upande

Upepo wa mwezi wa saba unapoanza kuvuma Dodoma, vumbi huingia hata katika vikombe vilivyofunikwa, na watu wa mji ule hutembea wameinamisha nyuso na kutanguliza bega, kama watu wanaopita katika mlango mwembamba. Majira hayo ndiyo ya vyuo vikuu kufunga kwa likizo ndefu, na ndiyo Zipora Chilongani aliyozoea kupangusa benchi la ofisi yake, kuchemsha uji wa uwele, na kuketi kuwasubiri wanafunzi wa mazoezi. Aliwapokea mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni aliwapokea kwa furaha ya mkulima aonaye wingu. Baadaye aliwapokea kwa wajibu. Na katika mwaka huu tunaousimulia, ambao ulikuwa wa tisini na sita, aliwapokea kwa uchovu mtupu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, katika mtaa wa Kikuyu. Ukutani palikuwa na kibao kilichoandikwa Chama cha Wazazi wa Watoto Wenye Damu Isiyoganda. Jina lilikuwa kubwa kuliko chumba, basi watu wakalifupisha wakasema Chama cha Damu, na ufupisho huo ukazaa balaa lake, maana wapo majirani waliosadiki kwamba humo ndimo wanamokaa mumiani, wakawavusha watoto wao upande wa pili wa barabara.

Ugonjwa ambao kwa ajili yake chama kiliundwa ni adimu. Madaktari huuita hemofilia. Huwapata watoto wa kiume. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya, hutambaa, na siku anapopiga goti sakafuni, goti huvimba kama boga. Akijikata, damu hutoka isikome. Na katika nchi ya Wagogo, ambako kila mtoto wa kiume hupita jandoni wakati wa kiangazi, ugonjwa huo una namna yake ya kujitambulisha: mtoto huingia kumbini akiimba na wenzake, wenzake wakarudi, yeye asirudi.

Hivyo ndivyo ulivyojitambulisha kwa Zipora. Amosi, mwanawe wa kwanza, aliingia kumbini Zuzu, kwao mumewe, na akazikwa hukohuko. Danieli, wa pili, hakupelekwa. Lakini alisukumwa katika mchezo wa mpira, akaanguka kichwa kikapiga jiwe, na kabla jua halijatua alikuwa ametangulia mbele ya Haki. Zipora wakati huo alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini. Daktari mmoja mgeni alimwita kando, akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa huu humpitia mama bila kumgusa, ukamwangukia mwana. Zipora alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba daktari jambo moja tu: asimwambie mumewe.

Mumewe, Yotham, alikuwa fundi wa njia ya reli. Yeye alikuwa na maelezo yake tayari, aliyopewa na ukoo wake. Baba yake, alipobatizwa, alikataa kuendeleza tambiko la wazee, na jamaa wakasema kwamba damu ya wajukuu ndiyo deni la kukataa kule. Yotham, ijapokuwa alikuwa Mkristo wa kushika ibada, alilimeza neno hilo likamkaa tumboni. Alimnung'unikia babaye mpaka siku ya kumzika. Na kila mwaka, siku aliyofariki Amosi, alimwomba mkewe msamaha kwa ajili ya nyumba aliyomwingiza. Zipora alikuwa akiitikia, "Yamekwisha, Baba Amosi." Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii haikupata kusema.

Daktari mgeni alirudi kwao, akaacha nyuma wazazi wachache waliozoea kukutana. Serikali ilipofungua mlango wa asasi za watu binafsi, wazazi wale wakajiandikisha, na Zipora, aliyekuwa amepunguzwa kazini pamoja na wengi katika miaka ile, akawa katibu wao, mwalimu wao na mfagizi wao. Yotham naye alipunguzwa reli. Akarudi Zuzu kulima zabibu na karanga, akawa anakuja mjini kwa ibada ya Jumapili.

Wanafunzi waliofika mwaka huo walikuwa wawili. Elisante alikuwa kijana mrefu wa Upare, akisomea udaktari. Joha alikuwa binti wa Pangani, akisomea ustawi wa jamii, amejifunga mtandio mpaka machoni kwa ajili ya vumbi. Walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akawaambia kwamba vumbi wamelikuta na wenyeji wamo ndani yake. Joha akasimulia jinsi mama aliyempangisha chumba alivyouvuta mkono wake nyuma aliposikia mgeni wake anafanya kazi wapi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama chupa za damu wanazijaza wenyewe au huletwa zimejaa.

"Mwambie tunazijaza uji," Zipora akasema. "Na kikombe chako hicho hapo, kunywa kabla hakijawa matope."

Kwa kawaida makaribisho ya Zipora yalichukua asubuhi nzima. Aliwafundisha wageni wasimvute mtoto kwa mkono wala kumrusha juu kwa mapenzi. Wasimpe aspirini hata akilia. Wasikatae chakula katika nyumba ya mtu, maana anayekataa mlenda hatasikilizwa hata akileta uhai. Na mwisho kabisa, uji ukiwa umepoa, aliwafundisha lile lililokuwa uti wa kazi yake. Aliwaambia kwamba katika kila nyumba wataulizwa swali moja, nalo ni ugonjwa umetoka upande gani, wa mume au wa mke. Jibu ni kwamba damu haina upande. Waseme hivyo, wanyamaze. Kwa maana neno jingine lolote humrudisha mwanamke kwao na mtoto mgonjwa mgongoni.

Asubuhi ile hakufika huko. Siku iliyotangulia alikuwa Mvumi kumzika mtoto ambaye wazazi walimficha chama mpaka alipokwisha kutoka kumbini amebebwa. Magoti yalikuwa yanamuuma, sauti imekwisha kwa vumbi la makaburini, na alipoyatazama macho yale manne yaliyomng'ang'ania, yaliyojaa hamu ya kazi, alihisi kama mtu anayetakiwa kuinua tena mzigo aliokwisha kuutua. Akasema, "Mengine mtayajua njiani." Akajifunika khanga, akaegemea ukuta. Ndilo neno lililoleta yote yaliyofuata.

Wiki hiyohiyo waliazima Landrova ya dayosisi wakaenda Haneti, kwa sababu msimu wa jando ulikuwa umeiva na palikuwa na nyumba moja ya kuangaliwa kwa karibu. Ilikuwa nyumba ya Gerson, mkulima na mfugaji, na mkewe Paulina. Mwana wao wa kwanza, Yona, alipotea kumbini. Baada ya hapo watu waliacha kumwita Paulina kwa jina la marehemu, wakamwita Mama Marko, kwa jina la mdogo wa Yona aliyebaki, ambaye naye alikuwa na damu ileile. Kumshawishi Gerson amzuie Marko asiingie kumbini na rika lake kulimgharimu Zipora safari nyingi, na kejeli nyingi za Mzee William, baba mkubwa wa Gerson, aliyeshikilia kwamba mwanamume asiyetahiriwa kumbini ni mgeni katika nyumba ya baba yake.

Walipokelewa kwa mbukwa nyingi, salamu ya Wagogo, na ugali wa mtama. Elisante hakukataa mlenda. Aliramba vidole hata Paulina akacheka. Kisha Zipora na Joha wakaingia ndani ya tembe kumtazama Marko magoti, na Elisante akafuatana na Gerson zizini.

Huko zizini Gerson aliuliza lile swali. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayemuuliza msomi habari za mvua. Elisante, ambaye hakupewa onyo lolote, akafurahi kuulizwa. Na kwa kuwa alikuwa mwerevu, na alitaka aeleweke, akatafuta mfano wa mahali pale. Akasema kwamba katika ng'ombe pia huonekana: jike aweza kuwa mzima, mnene, mwenye maziwa, na bado akabeba ndani yake kasoro isiyomdhuru yeye, bali humdhuru ndama wake dume. Vivyo hivyo damu hii. Humpitia mama.

Hapakuwa na mfano bora zaidi chini ya mbingu ya kumfafanulia mfugaji jambo lile, wala hapakuwa na mfano wenye madhara zaidi. Kwa maana mfugaji akielezwa habari za ng'ombe, hujua mara moja la kufanya.

"Ng'ombe wa hivyo, mwanangu," Gerson alisema, "haachwi zizini."

Elisante alidhani ni mzaha wa wafugaji, akacheka. Wakaagana vizuri.

Haukupita muda, Paulina akaingia katika chumba cha nyuma ya karakana, amepauka kwa vumbi la lori, Marko amemlaza begani. Zipora alimpisha kwenye benchi, akampa maji. Paulina hakulia. Alieleza kwa sauti ya mtu anayehesabu kuni kwamba tangu wageni walipoondoka Baba Marko hali chakula chake; anapikiwa na mke wa nduguye. Mzee William ameita ukoo ukutane Jumapili baada ya ibada, na habari zilizokwisha kutambaa ni kwamba atarudishwa kwao, na Marko pamoja naye, ili Gerson aanze upya na mwanamke mzima. Kisha akauinua uso.

"Mama, wewe ulituambia damu haina upande. Kijana wako anasema ina upande. Nani kati yenu ananidanganya?"

Elisante alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ulibadilika alipoelewa kile kilichomchekesha zizini. Akaeleza alichosema, chote, bila kujitetea ila kwa neno moja: aliulizwa, na je, angemdanganya mtu aliyemuuliza habari ya mwanawe?

Zipora alitaka kumkemea, akakuta hana kemeo. Kweli ni tunu, na kijana hakuiiba. Ni yeye mwenyewe aliyechoka akaacha kumwonyesha jinsi ya kuishika. Lakini kabla hajasema hayo, Joha, aliyekuwa akimpepea Marko kwa ncha ya mtandio, akauliza kwa upole jambo ambalo katika miaka yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliuliza. Kama damu haina upande, dada zake Paulina wataonywa na nani?

Paulina akageuza shingo polepole.

"Mdogo wangu Elieth ana mtoto wa kiume," akasema. "Anaingia kumbini mwezi huu."

Miaka yote Zipora alikuwa ameamini kwamba uongo wake ulikuwa mwavuli, na wanawake wengi walikuwa wamesimama chini yake wasilowe. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyeachwa nje. Na sasa, akiwa ameketi na mikono mapajani, alijiuliza pia swali alilolikwepa tangu siku ya daktari mgeni: je, mwavuli ule aliununua kwa ajili ya kina Paulina, au aliununua kwa ajili yake mwenyewe, kisha akaona unatosha watu wengi?

Elisante aliondoka siku ileile kwenda kijijini kwa Elieth, na hakutumwa, aliomba mwenyewe. Alimkuta mume wa Elieth si mtu wa kubishana. Mtoto wao naye alikuwa na magoti ya kuvimba, na baba alikuwa amekwisha kuingiwa na hofu asiyojua jina lake. Alimzuia mtoto mpaka apimwe. Kwa hiyo neno lilelile lililokaribia kuivunja nyumba moja liliokoa nyingine. Na Zipora alipoletewa habari hakujua ashukuru au ajute, akafanya yote mawili.

Lakini Jumapili ilikuwa inakuja. Zipora alijua la kufanya Haneti: kusimama mbele ya ukoo na kusema kwamba yeye mwenyewe ni jike la namna ile, na mumewe hakumrudisha kwao. Hapo ndipo alipogundua kwamba hoja yake ilikuwa chungu kisicho na kitako. Yotham hakumrudisha kwa sababu hakujua. Mwanamume asiyejua hajasamehe kitu.

Alhamisi alikwenda Zuzu. Alimkuta Yotham shambani, zabibu zinaiva, anafukuza ndege kwa debe na kijiti. Alikuwa amekonda tangu aache reli, na kofia yake ya kazi ilikuwa bado kichwani, imepauka rangi. Alifurahi kumwona, akamtandikia gunia, akamchumia kishada. Zipora hakula. Alisema akiwa anatazama udongo. Alimweleza daktari alisema nini, lini, na kwamba alimwomba amfiche mumewe. Hakutafuta maneno ya kupamba, na alipomaliza alikuwa amechoka kama mtu aliyetembea kutoka mjini kwa miguu.

Yotham aliweka debe chini. Ndege wakarudi mizabibuni, asiwafukuze.

"Kwa hiyo si baba yangu," akasema mwishowe.

"Si baba yako."

"Nilimnyima maji ya mwisho, Mama Amosi. Aliomba anishike mkono, nikatoka nje."

Zipora akakiweka kishada chini. Akamweleza habari za Haneti, na kwamba asingeweza kusimama kule na kulitumia jina lake bila yeye kujua. Yotham akauliza tu kama ndicho kilichomleta, yaani kama si kwa ajili ya mke wa mtu asingeambiwa mpaka kufa. Zipora akasema hajui. Lilikuwa jibu la kweli, na pengine ndilo lililomzuia Yotham asimfukuze. Aliokota debe, akaingia katikati ya mizabibu, na mkewe akausikia mlio wake ukienda mbali mpaka mwisho wa shamba, ukakaa hukohuko. Alirudi mjini peke yake.

Jumapili alfajiri, lori la wanunuzi wa alizeti lilikuwa linapakia watu kando ya soko. Zipora, Joha na Elisante walikuwa wamekwisha kupanda, na Paulina na mtoto wake wamewekwa mbele kwa dereva, Yotham alipotokea akiwa na koti lake la kanisani. Hakumsalimu mkewe. Alishika ubao wa lori, akajivuta, akaketi upande wa pili, na njia nzima alitazama walikotoka.

Ukoo uliketi uani kwa Gerson, kwenye ukuta wa tembe unaokinga upepo. Mzee William alikuwa katikati, mkongojo magotini. Alimwacha Zipora asimame muda mrefu kabla ya kumwelekea.

"Mwaka jana damu haikuwa na upande," akasema. "Mwaka huu ina upande. Mwakani itaota miguu?"

Watu wakacheka. Zipora akangoja wamalize.

"Nilisema uongo, mzee wangu. Damu hupita kwa mama. Niliuficha upande kwa ajili ya Paulina, na kwa ajili yangu. Wanangu wawili waliupata kwangu, nami niliupata kwa mama yangu, ambaye hakujua hata kwamba anao. Hakuna aliyeuomba. Kijana huyu aliwaambia kweli, ila aliwaambia kwa ng'ombe, na mtu si ng'ombe. Mwanamke mtakayemleta badala ya Paulina, nani kati yenu ataona ndani yake?"

Hoja hiyo iliwagusa baadhi, wakatazamana. Lakini Mzee William hakuwa mtu wa kushindwa kwa hoja moja. Aliunyoosha mkongojo kumwelekea Yotham, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya watu kama mpita njia.

"Huyu ndiye mume? Wewe, ulijua ulipomweka ndani?"

Yotham akasimama, akavua kofia.

"Sikujua. Nimejua Alhamisi."

"Kumbe! Basi hukumvumilia, ulidanganywa. Na sasa unajua."

"Sasa najua."

"Na unafanyaje?"

Zipora aliinamisha kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuliogopa neno la mtu huyu kama alivyoliogopa sasa. Upepo uliruka juu ya tembe ukamwaga mchanga mwembamba juu ya mabega ya watu.

"Nimekuja naye," Yotham akasema. "Ningeweza kubaki Zuzu, ndege wanamaliza zabibu zangu. Bado nina hasira, mzee, sitasema sina. Lakini ng'ombe wangu akifa simlilii mwaka wa pili. Amosi na Danieli tumewalilia wawili, mimi na huyu. Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayejua Amosi alivyokuwa akicheka. Nikimrudisha kwao, nitamkumbuka mwanangu na nani?"

Akavaa kofia yake, akachuchumaa tena.

Watu walikuwa wakimtazama Gerson. Gerson alikuwa ameukazia macho mlango wa tembe, waliposimama Paulina na Marko, na ilionekana wazi kwamba hamwoni Marko, bali anamwona mwingine, aliyetoka katika mlango uleule akiimba. Kisha akasema, kwa sauti ya kukwaruza, kwa jina ambalo halikutamkwa uani pale tangu msiba:

"Mama Yona. Wageni hawajanawa mikono."

Paulina alisimama kidogo kama mtu asiyeamini masikio yake. Akaingia ndani, akatoka na kata na beseni. Alianza kwa Mzee William, naye, baada ya kuutazama mkono wake mwenyewe kwa muda, akaunyoosha. Gerson alinawa wa mwisho. Ugali wa Paulina ulipoletwa alimega tonge, akala, macho yameelekea chini. Haikutangazwa hukumu yoyote, na wale waliokuja kusikia hukumu walielewa kwamba wameisikia.

Habari hizi zingeweza kuishia hapo kama maisha yangekuwa hadithi za kuwalaza watoto. Lakini lori lilirudi limejaa magunia, na abiria wakaketi juu yake, upepo umegeuka unawapiga usoni. Elisante alijikunyata akisema kwamba hatatumia tena mfano wa ng'ombe mpaka kufa, na Joha akamwambia ajaribu kuku, aone atarudishwa nani. Zipora alitabasamu, ila midomo yake ilikuwa imepasuka na ikamuuma. Akawaita wasogee karibu, akawaambia kwamba hakumaliza kuwakaribisha, na kwamba lile neno la mwisho alilokuwa akiwafundisha wenzao wa miaka ya nyuma hatawafundisha wao, kwa sababu ni la uongo. Nalo jipya hajalipata. Walitafute pamoja, kesho, uji ukiwa wa moto.

Yotham alikuwa kando yake safari hii. Walipoiona mizabibu ya kwanza ya kuingilia mjini, akasema bila kumtazama:

"Mama Amosi, mimi sijamaliza."

"Najua."

"Baba yangu yuko kaburini na manung'uniko yangu. Hilo litanichukua muda. Usiniharakishe."

"Sikuharakishi, Baba Amosi."

Zipora alikuwa amechoka mno hata kwa machozi. Akajisogeza mpaka upande wa upepo, akaukunjua upande mmoja wa khanga yake, akamkinga nao vumbi, naye hakuuondoa.